Bredibodi: hesabu matundu yatakayobaki

Usiku wa kuamkia siku ya kuonyesha mradi wangu wa uzamili, sensa tatu za unyevu wa udongo zilikaa kimya. Zote zilikuwa nusu ya kulia ya ubao. Za kushoto zilisoma vizuri tu. Nikabadilisha sensa, nikapitia kodi mstari kwa mstari hadi saa nane usiku. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye kitu ambacho nilikinunua bila kukitazama mara mbili: bredibodi yenyewe.

Tuanze na kilichomo ndani. Chini ya ile plastiki kuna vibanio vya chuma. Kila matundu matano ya mstari mmoja yanashikwa na kibanio kimoja, kwa hiyo ukichomeka waya kwenye tundu moja, umeshaungana na manne jirani. Mfereji wa katikati unatenganisha matano ya kushoto na matano ya kulia. Pembeni zinapita njia ndefu za umeme, chanya na hasi. Kutoka tundu hadi tundu ni milimita 2.54, na mfereji unaruka milimita 7.62 ili chipu ndogo yenye safu mbili za miguu iupande, mguu huku, mguu kule.

Dukani utaulizwa: 830, 400 au 170? Hiyo ni jumla ya matundu. Ubao wa 830 una mistari 63 ya matundu kumi, yaani 630, na njia za umeme zinaongeza 200. Wa 400 una mistari 30. Ule mdogo wa 170 una mistari 17 na hauna njia za umeme kabisa, kwa hiyo mimi nauona unafaa kwa sensa moja au kitufe, basi.

Sasa, jumla hiyo inadanganya. Chukua moduli ya ESP32 ya pini 30, ambayo wengi wetu tunaanza nayo. Ina pini 15 kila upande, na safu zake zimeachana hatua kumi za matundu. Upana wote wa ubao, kutoka tundu la kwanza la kushoto hadi la mwisho la kulia, ni hatua 11. Ukiichomeka, upande mmoja unabakiwa na tundu moja tu kwa kila pini, upande wa pili hakuna kitu. Umenunua ubao mzima, lakini pini 15 hazina pa kuchomekea waya! Linganisha na Arduino Nano: safu zake zimeachana hatua sita, hivyo unabaki na matundu matatu upande mmoja na mawili upande mwingine. Unapumua.

Kwa ESP32 kuna njia mbili. Ya kwanza: matundu manne ya kila pini ya upande uliobanwa hayajapotea, yako chini ya moduli. Laza waya mgumu wa uzi mmoja humo kwanza, halafu ndiyo uchomeke moduli juu yake. Inakera ukitaka kubadilisha waya mmoja baadaye, nakiri. Ya pili, ambayo naipenda zaidi: panga bao mbili za 400 sambamba, safu moja ya pini ikae ubao huu, nyingine ule. Huenda ukahitaji kubandua njia ya umeme ya kati (gundi ya chini ikate kwa wembe). Usibonyeze kwa nguvu kabla hujahakikisha pini zote zimeelekea matundu.

Kuhusu mpangilio, weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya umeme ya chipu. Ukiiweka mwisho wa waya mrefu, haisaidii sana. Mota inayovuta ampea mbili usiipitishe humu; vibanio ni vyembamba.

Na ile kimya ya sensa? Kwenye bao nyingi za 830, njia za umeme zimekatika katikati. Angalia ule mstari mwekundu uliochorwa: ukiona pengo, chuma nacho kimeachana. Hata usipoliona, pima kwa multimita ikiwa kwenye mlio, ncha hadi ncha. Mimi nilivuka pengo kwa waya mbili fupi, moja ya chanya na moja ya hasi. Saa nane na robo, sensa zote tatu zikaanza kusoma.