Pac-12: misimu 38 ya basketi ya wanawake, na ligi iliyovunjwa na pesa za mchezo mwingine

Mwezi Julai 1996, katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, timu ya taifa ya basketi ya wanawake ya Zaire iliingia uwanjani kupambana na wenyeji, Marekani. Matokeo yalikuwa mazito: Marekani 107, Zaire 47. Upande wa Zaire alikuwemo binti wa Kinshasa aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka 20, Mwadi Mabika. Upande wa Marekani alikuwemo Lisa Leslie, mrefu na mwepesi, na kwenye benchi alisimama kocha Tara VanDerveer.

Mwaka mmoja baadaye, Mabika na Leslie walikuwa wanavaa jezi moja, ile ya Los Angeles Sparks, katika ligi mpya ya wanawake wa kulipwa, WNBA. Pamoja walichukua ubingwa wa mwaka 2001 na wa 2002. Wakongomani wengi wanaopenda basketi wanaikumbuka sehemu hiyo ya hadithi. Isiyojulikana sana ni nyumba walikotoka Leslie na VanDerveer: ligi ya vyuo vikuu vya magharibi mwa Marekani, iliyoitwa Pac-10, kisha Pac-12. Leslie aliichezea USC ya Los Angeles. VanDerveer alikuwa kocha wa Stanford, na aliiacha timu yake kwa msimu mzima ili aiandae timu ya taifa. Timu hiyo ilicheza michezo 60 ya maandalizi na ya Olimpiki bila kupoteza hata mmoja.

Nyumba hiyo ilivunjika mwaka 2024. Haikuvunjika kwa sababu ya wanawake hao kucheza vibaya. Ilivunjika wakati ambapo walikuwa wanacheza vizuri kuliko wakati mwingine wowote.

Wanawake waliingia kwa kuchelewa

Nchini Marekani, vyuo vikuu vinajipanga katika ligi za kanda. Timu hucheza ndani ya kanda yake kuanzia mwisho wa Desemba au Januari hadi mwanzo wa Machi, hushindania kombe la kanda, kisha zilizo bora huenda kwenye mashindano ya taifa ya NCAA.

Vyuo vya pwani ya Pasifiki vilikuwa na muungano wao tangu 1915, lakini kwa wanaume. Mwaka 1978 vilifika 10, na jina likawa Pac-10. Wanawake walikuwa wanacheza pembeni, katika miungano mingine. NCAA yenyewe ilianza kuandaa ubingwa wa wanawake mwaka 1982. Pac-10 ilifungua mlango kwa basketi ya wanawake katika msimu wa 1986-87.

Kuchelewa huko kuliacha shimo katika kitabu cha rekodi tangu ukurasa wa kwanza. Kati ya 1982 na 1986, USC ilikuwa na Cheryl Miller, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa katika historia ya mchezo huo. Alifunga pointi 3,018 na kuipa USC ubingwa wa taifa mwaka 1983 na 1984. Lakini alimaliza masomo kabla tu ya ligi kuanza kuhesabu. Ndiyo maana Lisa Leslie alipoondoka chuoni mwaka 1994 na pointi 2,414, yeye ndiye aliyeandikwa kuwa mfungaji bora wa Pac-10, ingawa chuoni kwake kila mtu alijua ni nani aliyekuwa na nyingi zaidi.

Rekodi ya pointi yapita mikononi

Kutoka kwa Leslie, rekodi hiyo ilipita kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 2008 Candice Wiggins wa Stanford aliondoka na pointi 2,629. Mwaka 2014 akafuata Chiney Ogwumike, pia wa Stanford, na pointi 2,737. Chiney, ambaye wazazi wake wanatoka Nigeria, alinasa pia ribaundi 1,567, yaani mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu. Dada yake mkubwa, Nneka, alikuwa ametangulia katika timu hiyohiyo. Nneka alichaguliwa wa kwanza na WNBA mwaka 2012, na mdogo wake naye akachaguliwa wa kwanza mwaka 2014.

Kisha akatokea Kelsey Plum wa chuo cha Washington, mjini Seattle. Mwezi Februari 2017, katika mchezo wake wa mwisho wa kawaida mbele ya mashabiki wa nyumbani, alifunga pointi 57 dhidi ya Utah. Siku hiyo alivuka rekodi ya wanawake wa NCAA nzima. Alimaliza na pointi 3,527, na alama hiyo ilidumu hadi Februari 2024, Caitlin Clark wa Iowa alipoipita.

Wakati Plum anaondoka, huko Oregon kulikuwa na msichana wa mwaka wa kwanza aitwaye Sabrina Ionescu. Sifa yake haikuwa kufunga tu. Mara 26 alifikisha 10 au zaidi katika mambo matatu ndani ya mchezo mmoja: pointi, ribaundi na pasi za mwisho. Hakuna mwingine katika NCAA, mwanamume wala mwanamke, aliyefika hapo. Tarehe 24 Februari 2020, asubuhi alizungumza Los Angeles katika kumbukumbu ya Kobe Bryant na binti yake Gianna, waliokufa katika ajali ya helikopta. Jioni ya siku hiyo alikuwa uwanjani Stanford, na hapo akawa mtu wa kwanza wa NCAA kufikisha pointi 2,000, pasi 1,000 na ribaundi 1,000. Wiki chache baadaye COVID-19 ilifuta mashindano ya taifa, na Oregon, iliyokuwa inapewa nafasi kubwa ya ubingwa, haikupata hata kujaribu.

Stanford, na siku ligi ilipokutana yenyewe

Kwa upande wa vikombe, hakuna chuo kilichoikaribia Stanford. VanDerveer alifika huko mwaka 1985. Alichukua ubingwa wa taifa mwaka 1990, akarudia 1992. Kombe la kanda lilianza kushindaniwa mwaka 2002, na katika mashindano 23 yaliyochezwa hadi 2024, Stanford ilishinda 15. Hata UConn, iliyokuwa imeshinda michezo 90 mfululizo, ilisimamishwa uwanjani Stanford tarehe 30 Desemba 2010, kwa 71-59.

Lakini ubingwa wa tatu wa taifa ulichelewa miaka 29. Ulikuja mwaka 2021, katika msimu mgumu. Sheria za kuzuia corona katika wilaya yao ziliwalazimisha wachezaji wa Stanford kuishi wiki nyingi hotelini, mbali na chuo chao. Fainali ilichezwa San Antonio, jimbo la Texas, na wapinzani walikuwa Arizona, timu ya ligi yao. Kocha wa Arizona, Adia Barnes, alikuwa mwenyewe mchezaji bora wa Pac-10 mwaka 1998 akiwa na chuo hichohicho. Sekunde za mwisho mpira ulikuwa mikononi mwa Aari McDonald wa Arizona. Alirusha akiwa amezungukwa na walinzi watatu, mpira ukakataa kuingia. Stanford 54, Arizona 53.

Wenye kupenda ligi hiyo waliona hapo ushahidi waliousubiri: magharibi si Stanford peke yake. Washington na Oregon State zilikuwa zimefika nusu fainali ya taifa mwaka 2016, Oregon mwaka 2019. Mwaka 2023 Washington State, iliyoingia katika kombe la kanda ikiwa ya saba, ililibeba kombe kwa kuifunga UCLA 65-61 katika fainali.

Maamuzi yaliyofanywa kwingine

Tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA zilitangaza kwamba zitahamia Big Ten, ligi yenye mizizi katikati ya Marekani. Sababu haikuwa basketi. Ilikuwa futboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, ambao ndio unaoleta pesa nyingi za televisheni. Wiki chache baadaye Big Ten ilitia sahihi mikataba ya televisheni ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Pac-12 ilitafuta mkataba wake na haikupata uliotosha kuwazuia wengine.

Mwezi Julai 2023 Colorado ilitangaza kuondoka. Tarehe 4 Agosti zikafuata tano kwa siku moja: Oregon na Washington kwenda Big Ten; Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12. Tarehe 1 Septemba, Stanford na California zikajiunga na ligi ya ACC, ambayo jina lake ni la pwani ya Atlantiki, upande wa pili wa nchi. Zilibaki mbili tu: Oregon State na Washington State.

Ili kuelewa kilichopotea, itazamwe safari. Katika Pac-12 vyuo vilipangwa wawili wawili, kila jozi katika eneo moja. Timu ya Seattle ilipokwenda Los Angeles, ilicheza na USC siku moja na UCLA baada ya siku mbili, kisha ikarudi nyumbani kwa masomo. Leo USC ikiwa na mchezo dhidi ya Rutgers, huko New Jersey, inasafiri karibu kilomita 4,000 kwenda tu. Ni zaidi ya mara mbili ya umbali wa ndege kati ya Goma na Kinshasa. Anayesafiri hivyo ni mwanafunzi mwenye mtihani Jumatatu.

Msimu wa mwisho

Msimu wa 2023-24 ulianza huku wote wakijua kwamba ni wa kuagana. Ukawa mmoja wa misimu mizuri kabisa.

Tarehe 21 Januari 2024, Stanford iliifunga Oregon State 65-56, na VanDerveer akafikisha ushindi wa 1,203. Alimpita Mike Krzyzewski wa Duke, akawa kocha mwenye ushindi mwingi zaidi katika basketi ya vyuo, ya wanaume na ya wanawake. Alistaafu mwezi Aprili na ushindi 1,216. Geno Auriemma wa UConn aliipita alama hiyo mwezi Novemba mwaka huohuo.

Siku 12 baada ya sherehe hiyo, katika uwanja uleule wa Stanford, aliingia JuJu Watkins, msichana wa mwaka wa kwanza wa USC, mzaliwa wa Los Angeles. Alifunga pointi 51 peke yake. Timu yake ilishinda 67-58. Mwezi Machi, mjini Las Vegas, timu hizo mbili zilikutana tena katika fainali ya mwisho ya kombe la kanda. USC ilishinda 74-61. Watkins alimaliza msimu na pointi 920, rekodi ya NCAA kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza.

Timu 7 za Pac-12 ziliingia mashindano ya taifa, na 5 zikafika katika 16 bora. USC na Oregon State zilikwenda hatua moja zaidi, hadi 8 bora. Kisha kitabu kikafungwa, baada ya misimu 38.

Nani ataitunza hesabu?

Hapa hadithi inarudi mahali ilipoanzia. Cheryl Miller wa USC alicheza kabla kitabu hakijafunguliwa. JuJu Watkins wa USC amebaki na msimu mmoja tu ndani yake. Kila alichofunga tangu Novemba 2024 kinahesabiwa na Big Ten. Wachezaji wawili wa chuo kimoja wametengwa na maamuzi ambayo hayakuhusu uwezo wao.

Waliobaki hawakukata tamaa. Oregon State, iliyofika 8 bora mwaka 2024, ilipoteza karibu wachezaji wake wote muhimu waliohamia vyuo vingine. Iliomba nafasi katika ligi ndogo ya West Coast Conference, na mwezi Machi 2025 ikachukua kombe la ligi hiyo, tena Las Vegas. Jina la Pac-12 nalo limeokolewa: vyuo vingine, miongoni mwao Gonzaga, Boise State na San Diego State, vilikubali kujiunga kuanzia Julai 2026. Lakini Stanford, USC na UCLA hazimo. Jina litakuwa lilelile, wenye rekodi watakuwa kwingine.

Wakongomani wanaujua mchezo huo wa majina. Ubingwa wa Afrika wa basketi ya wanawake wa mwaka 1983, wa 1986 na wa 1994 umeandikwa kwa jina la Zaire. Hata ile 107-47 ya Atlanta imeandikwa hivyo, na mwaka 1997 jina hilo likaondoka kwenye ramani. Waliozicheza fainali hizo hawakubadilika. Makombe yao yanahesabiwa kuwa ya Kongo kwa sababu kuna watu wanaoendelea kuyataja.