Mwenye Mikro wa Kiwanja cha Kasongo

Mechi ya Kasongo, huku kwetu Maniema, Kongo, haianzi kwa filimbi ya refa. Inaanza pale mwenye mikro anapopanda juu ya meza iliyoazimwa shuleni, akapuliza mara mbili kusikia kama spika inaitika, kisha akawasalimu watu kwa daraja zao: sultani au mjumbe wake, wazee, maimamu na mapadri, akina mama wenye beseni za karanga, wachezaji, na mwisho watoto walioukalia mstari, ambao anawaomba warudi nyuma. Mgeni hudhani salamu hizi zinapoteza wakati. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe. Kabla mpira haujaguswa kila aliyekuja amekwisha kutajwa, na aliyetajwa si mpita njia tena.

Mila hii ya kutangaza ni kongwe kuliko mpira. Wakusu, kama ndugu zao Watetela, walikuwa na lokombe, ngoma ya gogo lililochimbwa, isiyo na ngozi. Na Wabangubangu wa Kabambare, Wazimba na Walega nao walijua kusema kwa mti. Mmisionari John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ngoma za namna hiyo zinavyosema. Gogo lina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi hupanda na kushuka kwa namna moja. Kwa hiyo mpigaji harushi neno peke yake, hulivika sifa mpaka liwe fungu refu lisiloweza kuchanganywa na jingine. Watu pia walikuwa na majina ya ngoma, jina la mtu likiandamana na la baba yake na sifa ya ukoo. Kuijua ngoma kulikuwa kujua watu. Asiyezijua koo za kijiji angepiga kelele tu.

Sikiliza sasa kiwanjani wakati wa likizo kubwa, timu za mitaa zinapokutana. Jezi hazina majina mgongoni, na pengine namba tisa ni wawili. Mtangazaji hana karatasi. Anamwita kijana kwa mama yake, kwa kazi ya baba yake, kwa mtaa, kwa shule aliyosoma, kwa bao alilofunga mwaka jana: mtoto wa fundi baiskeli anachukua, anampita mjukuu wa katekista, anampita tena! Mzee aliyekuja kwa ajili ya kivuli cha mwembe anainua kichwa, maana ukoo wake umepita hewani. Na jina la utani analopewa kijana siku ile huweza kukaa naye mpaka uzee. Ndiyo maana nasikitika ninapowasikia vijana wengine wakishika mikro na kuiga Kifaransa cha televisheni, neno kwa neno, kana kwamba wanatangaza mechi ya Paris. Sauti inakuwa kubwa lakini haimtaji mtu.

Watu wa mbali kabisa na sisi wamelijua jambo hili. Kanada, mchezo unaopendwa kuliko yote ni hoki ya barafuni, na tangu 2008 mechi zake zimetangazwa pia kwa Kipunjabi, kwa ajili ya familia zilizohamia huko kutoka India na Pakistani. Mwaka 2016, katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Stanley, Nick Bonino wa Pittsburgh alifunga bao la ushindi dakika za mwisho. Mtangazaji Harnarayan Singh akalirudia jina lake, Bonino, Bonino, Bonino, bila kushusha pumzi, mpaka sauti hiyo ikazunguka dunia, na timu ikawaalika watangazaji hao kwenye sherehe za ubingwa. Mchezo uleule, barafu ileile. Lakini bibi na babu ambao hawakuwa wakiuelewa wakapata kiti sebuleni pamoja na wajukuu. Mpigaji wa lokombe angeuelewa ufundi huo mara moja: jina hurudiwa ili lifike.

Kwetu kiti hicho kimeletwa pia na Kiswahili cha redio. Leonard Mambo Mbotela wa Kenya na Charles Hilary wa Tanzania, wote wawili waliofariki mwaka 2025, walitangaza mpira kiasi kwamba msikilizaji aliuona uwanja bila picha. Mwaka 2023 Maxi Nzengeli alitoka AS Maniema Union ya Kindu kwenda klabu ya Yanga, na tangu hapo jina lililokuwa la ligi yetu likawa linapaa kwa Kiswahili kutoka Dar es Salaam. Msimu wa 2024/25 Maniema Union yenyewe ilicheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kundi moja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR. Kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 200 za njia mbaya. Kwa aliye Kabambare, timu ya jimbo lake ni sauti kwanza, na mara nyingi ni sauti tu.

Sauti ya mikro inaweza pia kuumiza. Kabambare imeishi miaka mingi na watu wenye silaha, hasa upande wa Salamabila, na watu hawajasahau nani alikimbia wapi. Mtangazaji mzuri huitaja familia lakini halitaji kabila. Refa akikosea, hapaazi sauti juu ya kosa. Anapoza, anamtania kipa, anawaomba wazee wa pande zote mbili wasimame wapungiane mikono. Filimbi ya mwisho ikilia hashuki mezani. Anatangaza msiba na saa ya maziko, salongo (kazi ya pamoja) ya Jumamosi na kila mtu aje na jembe, mtoto aliyepotea na rangi ya shati lake. Watu wanabaki wamesimama kusikiliza, walioshinda na walioshindwa.

Mwenye mikro ndiye anayeamua kitakachokumbukwa, nasi tumewahi kuumizwa na jambo hilo. Tarehe 22 Juni 1974, Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, ikicheza na Brazili, Mwepu Ilunga alitoka kwenye ukuta wa mabeki akaupiga mbali mpira wa adhabu ambao haukuwa wao. Mtangazaji wa BBC alilieleza tendo hilo kuwa ujinga wa Kiafrika, na maneno hayo yakarudiwa miaka na miaka. Mwepu mwenyewe alikuja kueleza kwamba sheria aliijua vizuri, na kwamba alifanya makusudi kwa hasira, maana wachezaji walikuwa hawajalipwa fedha zao. Lakini sauti ya kwanza ilikuwa imekwisha kurekodiwa, na yake ilichelewa.

Sauti za viwanja vyetu nyingi hupotea jioni ileile. Kasongo ina redio ya jamii, Sauti ya Mkaaji, na simu zimejaa mifukoni. Fainali ya likizo ijayo, kijana mmoja aketi karibu na spika, arekodi kuanzia salamu ya sultani hadi tangazo la salongo, aandike tarehe na jina la mtangazaji, kisha apeleke rekodi hiyo redioni ihifadhiwe.