Makaa ya mawe na watu wa mashamba, Natal

Wandugu, hapa Durban wengi hudhani bandari hii ililelewa na sukari tu. La hasha! Makaa ya mawe ya Newcastle na Dundee, kaskazini ya Natal, yaliletwa kwa reli kulisha meli za mvuke. Wachimbaji walikuwa Wazulu na Wahindi wa mkataba, wengi wao watu wa jembe. Mhindi aliyemaliza mkataba akabaki, alidaiwa kodi ya pauni 3 kila mwaka. Oktoba 1913 wachimbaji wa Newcastle wakagoma. Novemba, Gandhi akaongoza zaidi ya watu 2,000 kuvuka mpaka wa Transvaal. Mgomo ukaenea hadi mashamba ya miwa na Durban kwenyewe. Mwaka 1914 kodi ikafutwa. Basi, makaa yaliwang'oa mashambani, lakini huko shimoni ndiko walikoijua nguvu yao: wao wakitua sururu, treni na meli hazina moto.