Soko la Ngoma na Hatima ya Maneno: Mfano wa Lizombe la Songea

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya biashara ya sanaa za jadi, swali linaloulizwa kwanza ni nani anayefaidika na fedha. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, liko jingine ambalo mwanaisimu hawezi kulikwepa: ngoma inapouzwa, ni sehemu gani yake inayonunuliwa? Makala haya yanadai kwamba, kwa ngoma za Songea, kinachonunuliwa ni mwili na mdundo, na kinachoachwa njiani ni lugha.

2.0 Kutoka Uwanjani hadi Jukwaani

Lizombe ni ngoma ya Wangoni. Jina lenyewe laonekana kuhifadhi kiambishi li- cha ngeli ya 5 ya Kingoni, ambacho Kiswahili kimekipokea kana kwamba ni sehemu ya mzizi. Jina, basi, limesafiri salama. Nyimbo hazikupata bahati hiyo.

Safari ilianza mapema. Baada ya Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana kuundwa mwaka 1962, kikundi cha ngoma cha taifa kilikusanya ngoma za makabila mbalimbali na kuzipeleka jukwaani. Ngoma iliyokuwa ikichezwa kwa saa nyingi, miongoni mwa watu wanaofahamiana, ilifupishwa ikawa kipande cha dakika chache, na mara nyingi maneno yake yalibadilishwa yakawa sifa za chama na taifa. Sindimba ya Wamakonde ndiyo mfano unaojulikana zaidi: mtikisiko wa kiuno ulikuzwa, mafunzo yaliyoambatana nao yakasahauliwa.

Kikundi hicho kilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na soko likashikwa na vikundi vya burudani vya Dar es Salaam. Miongoni mwavyo ni Muungano na, tangu 1992, TOT iliyoongozwa na Kepteni John Komba, mwana wa Lituhi mkoani Ruvuma. Katika kumbi za baa, ngoma iliwekwa katika usiku mmoja pamoja na taarab, maigizo, kwaya na sarakasi. Mtazamaji aliyelipa kiingilio hakuwa na sababu ya kungoja beti za Kingoni zikamilike.

3.0 Kwa Nini Lugha Hutangulia Kutoka

Mnunuzi hulipia anachoweza kukipokea. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru, katika mkoa huohuo wa Ruvuma, alichora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta, na hadi alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameasisi mtindo ambao leo huitwa kwa jina lake duniani kote. Picha haihitaji mkalimani. Wimbo wa ngoma wahitaji msikilizaji anayejua nani anasemwa, kwa kosa gani, na kwa nini fumbo lile lilichaguliwa badala ya tusi la wazi. Ukimwondoa msikilizaji huyo, fumbo hugeuka kelele tamu tu.

Isidhaniwe kuwa hoja hapa ni kulinda “asili” isiyobadilika. Asili ya namna hiyo ni bidhaa ya soko lenyewe. Wangoni walifika kutoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19, lakini Kingoni kinachosemwa Songea leo kinakaribiana zaidi na Kimatengo na Kindendeule kuliko Kizulu. Mganda nao, unaotangazwa kwa wageni kama ngoma ya kale ya Ziwa Nyasa, ulienea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kuiga gwaride la askari! Tofauti ni kwamba walioubuni mganda waliendelea kutunga maneno yao, kwa ajili ya majirani na mahasimu wao. Wao ndio waliobadilisha, na waliobadilishiwa walikuwapo kuwajibu.

4.0 Sheria na Uwanja wa Songea

Kanuni za mfano zilizotungwa na UNESCO na WIPO mwaka 1982 zinataka anayetumia sanaa ya jadi kibiashara ataje jamii au mahali ilikotoka. Tanzania nayo iliingiza sehemu inayohusu sanaa za jadi katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hatua hizo zina thamani, ila kutaja chanzo ni jambo jepesi. Mshereheshaji akisema “lizombe, ngoma ya Wangoni kutoka Songea”, chanzo kimekwisha kutajwa, hata kama wimbo unaofuata hauna neno moja la Kingoni.

Nafasi ya kufanya zaidi ipo Songea kwenyewe. Kila mwaka, tarehe 27 Februari, wananchi hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ngoma huchezwa. Nyimbo zinazoimbwa siku hiyo zingeweza kuandikwa zote kwa Kingoni, pamoja na tafsiri na maelezo ya mafumbo, zikauzwa langoni kwa jina la watunzi wake. Mgeni angelipia karatasi hiyo pamoja na kiingilio, na mtunzi angekuwa na kitu cha kudai pale kikundi cha mbali kitakapouchukua mdundo wake na kuyatupa maneno.