Mwalimu wa Kandanda na Heshima za Taifa: Nani Astahiliye Gwaride?

Mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, umepakana na mji wa Goma kiasi cha kwamba mtu huvuka mpaka kwa miguu na kurudi kabla ya jua kuchwa. Katika mji huo, karibu na Ziwa Kivu, upo Uwanja wa Umuganda, ambao ni nyumbani kwa timu mbili: Etincelles, timu ya wenyeji wa mji, na Marines, timu ya jeshi. Timu hizo zinapokutana, askari aliye mapumzikoni na raia aliyetoka kuuza sambaza hukaa bega kwa bega, na kila mmoja wao hujiona kuwa ni mjuzi kuliko mwalimu aliyesimama kando ya mstari. Timu ikishinda, sifa ni za mfungaji. Ikishindwa, lawama zote ni za mwalimu.

Pengine ni kwa sababu ya dhuluma hiyo ndogo kwamba mwalimu hodari anapofariki dunia, mioyo ya watu hugeuka. Wale wale waliomzomea hutaka azikwe kwa heshima za taifa: jeneza lifunikwe bendera, gwaride lipangwe, na jina lake liandikwe pamoja na majina ya mashujaa. Je, madai hayo ni ya haki? Swali hili si la mashabiki peke yao. Linawahusu ninyi, ndugu askari wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa ninyi ndio mtakaolibeba jeneza hilo, na ninyi ndio mnaojua kwamba gwaride la mazishi halipangwi kwa ajili ya kila mtu aliyependwa na watu. Ndiyo maana tumeona vema kulipima jambo hili kwa makini, pasipo ushabiki.

Upo mfano mmoja ambao wapenzi wa kandanda wa Gisenyi wana sababu ya kuukumbuka. Mwezi Januari 2016, michuano ya CHAN ilipofanyika nchini Rwanda, Zambia ilikuwa miongoni mwa timu zilizocheza katika Uwanja wa Umuganda. Timu hiyo ya Zambia ina historia ya msiba mkubwa. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya jeshi la anga la Zambia, iliyokuwa ikiipeleka timu ya taifa Dakar kucheza na Senegal, ilianguka baharini mara tu baada ya kuruka kutoka Libreville, nchini Gabon. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa, wakiwamo wachezaji 18 na wanajeshi 5 waliokuwa wakiirusha. Aliyekufa pamoja na vijana wake alikuwa mwalimu wa timu, Godfrey Chitalu, mfungaji mashuhuri wa zamani ambaye Wazambia humhesabia mabao 107 kwa mwaka mmoja tu wa 1972.

Taifa zima liliomboleza, na timu hiyo ikazikwa kwa heshima kubwa nje ya Uwanja wa Uhuru mjini Lusaka, mahali panapoitwa hadi leo Uwanja wa Mashujaa. Hivyo Chitalu ni mwalimu wa kandanda aliyepewa na dola heshima kamili baada ya kufa. Lakini tutazame vizuri ni kwa nini aliipata. Hakuwa ameleta kombe lolote la Afrika, kwani Zambia ilikuja kulitwaa kombe hilo mwaka 2012, katika mji ule ule wa Libreville, chini ya mwalimu Mfaransa Hervé Renard. Chitalu aliheshimiwa kwa sababu alikufa safarini, akiwa ametumwa na taifa, ndani ya ndege ya taifa. Kwa maana hiyo kifo chake hakikuwa na tofauti na cha rubani aliyekuwa mbele yake. Askari hana haja ya kufafanuliwa jambo hilo.

Upande wa pili wa habari hiyo nao usifichwe. Makaburi yalijengwa upesi, lakini taarifa ya uchunguzi juu ya chanzo cha ajali ilitolewa mwezi Novemba 2003, yaani baada ya miaka 10 na zaidi. Kwa muda wote huo wajane na mayatima walikuwa na jiwe la kumbukumbu, lakini hawakuwa na jibu. Heshima ya namna hiyo, hata ikiwa kubwa namna gani, ina upungufu.

Sasa turudi Gisenyi, kwa kuwa mji huu wenyewe una kipimo cha ushujaa ambacho hakuna kombe linaloweza kukifikia. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mwanamke aitwaye Félicité Niyitegeka alikuwa akihudumu katika kituo cha Saint Pierre mjini hapa. Yeye mwenyewe hakuwa miongoni mwa waliokuwa wakiwindwa, lakini aliwaficha waliokuwa wakiwindwa. Ndugu yake, aliyekuwa ofisa wa jeshi la wakati ule, alimwonya aondoke ili aokoe maisha yake. Alikataa kuwaacha watu wake, akauawa pamoja nao tarehe 21 Aprili 1994. Leo Rwanda imemweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, na hukumbukwa kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa. Juu ya daraja hilo lipo lile la Imanzi, alimo Meja Jenerali Fred Gisa Rwigema pamoja na Askari Asiyejulikana, anayewakilisha wote waliokufa vitani na wasiokuwa na kaburi lenye jina.

Je, tunaweza kumweka mwalimu wa kandanda, kwa ajili ya ushindi wake uwanjani tu, katika safu moja na mama huyo na askari huyo? Sisi twasema hapana. Si kwamba twaidharau kazi ya mwalimu. Mwaka 2004, Rwanda iliposhiriki kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kule Tunisia, chini ya mwalimu Mserbia Ratomir Dujković, nchi iliyokuwa bado na majeraha mabichi ilipata jambo la kushangilia kwa pamoja. Hiyo ni huduma kubwa. Lakini furaha ni kitu kimoja, na kuutoa uhai wako ili mwenzako aishi ni kitu kingine. Jina la shujaa likigawiwa kwa wote wawili, thamani yake hupungua, na wa kwanza kupunjwa ni yule Askari Asiyejulikana, ambaye hana shabiki wa kumtetea.

Basi mwalimu hodari apewe nini? Jibu letu ni kwamba apewe haki yake akiwa hai. Tanzania ilipofika fainali za Afrika za mwaka 1980 kule Lagos, miongoni mwa walimu wa Taifa Stars alikuwa Joel Bendera. Bendera baadaye alikuwa mbunge, naibu waziri na mkuu wa mkoa, na alifariki Desemba 2017. Yeye alibahatika: nchi yake iliendelea kumtumia na kumtambua angali akipumua. Si wote walio na bahati hiyo.

Hata Uingereza, nchi iliyozoea sana kutunuku vyeo vya heshima, ina sheria ambayo inafaa kufikiriwa. Cheo cha Sir hakitolewi kwa marehemu. Alf Ramsey alikipata mwaka 1967, baada ya kuipa nchi yake Kombe la Dunia la 1966, naye Matt Busby alikipata mwaka 1968. Lakini Bob Paisley, aliyeiongoza Liverpool kutwaa Kombe la Ulaya mara tatu, alikufa mwaka 1996 bila ya kupewa. Mskochi Jock Stein, aliyeipa Celtic kombe hilo mwaka 1967, alianguka na kufa kazini, katika uwanja wa Cardiff, tarehe 10 Septemba 1985, naye hakuwa amepewa. Wapenzi wao wanasikitika mpaka leo, na hakuna awezaye kulirekebisha jambo hilo. Sheria hiyo ni kali, lakini ina mafunzo: mwenye kutaka kushukuru na ashukuru mapema.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, shauri letu ni hili. Mtu yeyote anayekufa akiwa katika kazi ya taifa, awe askari, mwalimu wa timu au dereva wa basi la wachezaji, azikwe na taifa lililomtuma. Jina la shujaa libaki kwa waliojitoa mhanga kwa ajili ya wenzao. Na mwalimu aliyeiinua nchi kwa maarifa yake apewe nishani angali anaweza kuivaa. Hata mgeni hakosi njia, kwa maana Rwanda inayo nishani ya Igihango, neno lenye maana ya agano, ambayo huwatunukia marafiki wa nchi kutoka nje. Pamoja na nishani, mwalimu alipwe mshahara wake kwa wakati, apate matibabu anapougua, na jamaa zake wasiachwe wakibisha hodi maofisini baada ya yeye kuzikwa.

Ninyi mlio katika majeshi mnaijua hoja hiyo kuliko sisi. Askari anafurahi kujua kwamba siku ya mwisho atafunikwa bendera. Lakini mkimwuliza atachagua lipi kwanza, atasema: watoto wangu wasome, na mke wangu asiombe. Mwalimu wa kandanda naye ni mtu mwenye nyumba kama ninyi. Kabla hatujabishana juu ya gwaride la mazishi yake, na tuulize kwanza kama amelipwa mshahara wa mwezi uliopita.