Kwa nini bushi mpya huchanika mapema

Gari likianza kugonga kila linapopita kwenye rasta au mashimo, wengi hukimbilia kununua shokapu. Mara nyingi shokapu ni nzima, kilichochoka ni bushi. Na wapo waliobadilisha bushi, halafu baada ya muda mfupi gari likaanza kugonga tena. Hapo hulaumiwa duka la vipuri, kumbe huenda kosa lilikuwa kwenye kukaza bolti.

Bushi ni mpira ulioshikana na bomba dogo la chuma katikati. Hukaa pale mkono wa chini wa gurudumu, ambao mafundi huuita loa am, unapofungwa kwenye bodi la gari. Bolti hulibana bomba hilo lisizunguke. Gurudumu likipanda na kushuka, ni mpira wenyewe unaojisokota na kurudi.

Dalili za bushi iliyokufa ni mlio wa kugonga, gari kuvuta upande mmoja unapokanyaga breki, usukani kuyumba, na tairi kulika upande. Fundi huingiza mtaimbo kati ya mkono na bodi, kisha husukuma taratibu. Mpira ukionekana umepasuka, au mkono ukicheza sana, bushi imekwisha.

Kabla ya kufungua, weka vizuizi kwenye magurudumu yanayobaki chini. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala tofali, maana tofali hupasuka ghafla. Tumia stendi za chuma.

Mkono ukishatoka, wekea bushi ya zamani alama ya chaki kuonyesha ilivyoelekea. Baadhi zina matundu kwenye mpira, na ya kwako ikigeuzwa haitafanya kazi inavyotakiwa. Bushi hutolewa na kuingizwa kwa presi. Kama kijijini hakuna presi, mkono huo hubebeka kwenye bodaboda hadi mjini. Kuna pia mikono inayouzwa ikiwa na bushi zake tayari. Usikubali mpira uchomwe moto ili utoke, kwani moshi wake ni sumu na moto mkali hudhoofisha chuma. Bushi mpya ikigoma kuingia, paka maji ya sabuni. Grisi na mafuta ya injini huharibu mpira.

Sasa tufike kwenye kosa lenyewe. Mkono ukirudishwa, gurudumu linakuwa linaning'inia. Fundi mwenye haraka hukaza bolti hapo hapo hadi mwisho. Gari likishushwa, mkono unapanda, lakini bomba la katikati limeshabanwa. Mpira unabaki umesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa, na kila shimo linauongezea msokoto. Haukawii kuchanika.

Njia sahihi ni kukaza kidogo kwanza, bolti ishike tu. Kisha rudisha gurudumu, shusha gari, litikise juu na chini mara chache likae sawa, ndipo ukaze kabisa. Gereji yenye shimo hurahisisha kazi hii. Pasipo shimo, fundi huacha stendi mahali pake, anaweka jeki chini ya mkono karibu na gurudumu, na kupandisha mpaka uzito wa gari uanze kukaa juu ya mkono. Hapo anakaza.

Badilisha pande zote mbili kwa pamoja, maana zimetembea njia moja. Baadaye pima alaimenti ya magurudumu, la sivyo tairi zitaendelea kulika.

Kwa hiyo ukipeleka gari gereji, kaa karibu. Kabla hujalipa, muulize fundi: "Umekaza bolti gurudumu likining'inia, au likiwa limebeba uzito?" Ukijibiwa kwamba lilikuwa linaning'inia, mwombe alegeze na kukaza upya kabla hujaondoka. Ni kazi ya muda mfupi, nawe hutanunua bushi zile zile mara mbili.