Fahamu: Kwa nini kampuni za Marekani hukimbilia Ireland

Septemba 2024, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Apple lazima iilipe Ireland malimbikizo ya kodi ya euro bilioni 13. Ajabu ni kwamba serikali ya Ireland ilikuwa upande wa Apple; kwa miaka minane ilipigania isilipwe.

Sababu ni kwamba nchi hii ya watu milioni 5 na ushee imejijenga kwa mitaji ya wageni. Wakala wake wa uwekezaji, IDA, ulianzishwa mwaka 1949. Apple ilifika Cork mwaka 1980 na kufungua kiwanda, kisha zikaja Intel na Google, mbali na kampuni za dawa.

Wengi husema siri ni kodi: tangu 2003, faida za biashara zilitozwa 12.5% tu. Ni kweli, lakini si yote. Visiwa vya Cayman havitozi kodi hiyo kabisa, na hakuna anayetengeneza chipu za kompyuta huko. Ireland ilifuta ada za sekondari mwaka 1967, ikaingia katika soko la pamoja la Ulaya mwaka 1973, na watu wake huzungumza Kiingereza.

Tangu 2024, kampuni zenye mapato ya kuanzia euro milioni 750 kwa mwaka hulipa angalau 15%. Hazijakimbia. Wasiwasi uko kwingine: sehemu kubwa ya kodi ya faida hutoka kwa kampuni chache mno, nyingi zikiwa za Marekani, ndiyo maana serikali ya Ireland imeanzisha mfuko wa akiba.